TOFAUTI HII HAIKUUMBWA NA MUNGU
Chakula cha milimani na chakula cha ziwani, Mbinga na Nyasa



Milimani kuna usemi kwamba watu wa ziwani ni wavivu: wakishavua hulala, na shamba hawaliwezi. Ufukoni nako kuna usemi kwamba watu wa milimani ni wachoyo: huuza hata maharage ya mtoto ili wapate mabati. Semi hizi husikika katika magari ya abiria, vilabuni na vikaoni; na tukiri bila kuficha, husikika hata nje ya makanisa yetu baada ya Misa. Wengi huzichukua kuwa utani. Sisi twasema si utani, bali ni mafundisho, tena mafundisho mabaya. Yanatufundisha kwamba njaa ya jirani imetokana na tabia yake. Mtu akishaamini hivyo, hana tena sababu ya kuuliza ni nani aliyepanga mambo yawe yalivyo.

Kijitabu hiki kinauliza swali hilo. Kwa nini Mbinga ya milimani ilitangulia kupata vyama, pembejeo, maghala na barabara, ilhali mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli, Mbamba Bay na mpaka wa Msumbiji, uliachwa nyuma? Na kwa nini, pamoja na tofauti hiyo, watoto wa pande zote mbili wanakosa lishe?

1. ALICHOUMBA MUNGU

Mungu hakuziumba sehemu hizi mbili zikafanana, na hilo si dhuluma. Milima ya Umatengo aliipa baridi, mvua na miteremko mikali. Wamatengo waliosongwa na vita vya karne ya 19 walijihifadhi katika miteremko hiyo, wakajifunza kuilima bila kuiharibu. Kilimo chao cha ngoro kimewavuta hata wataalamu wa Japani, ambao katika miaka ya 1990 walikuja kukichunguza pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana na kufanya miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba ili kuzifunika nyasi hizo, na shimo linalobaki huyapokea maji ya mvua yasiteremke na udongo. Juu ya matuta hupandwa maharage, na katika msimu unaofuata mahindi. Watu wanaotunza mlima kwa namna hiyo, kizazi baada ya kizazi, si watu wa kudharauliwa.

Mwambao aliupa joto, mchanga na maji. Lakini tusidhani kwamba ziwa ni ghala lisilo na mlango. Kina cha Ziwa Nyasa hufikia takribani mita 700, na kule kilindini hakuna hewa ya kumwezesha samaki kuishi. Samaki wako katika tabaka la juu na kandokando. Sehemu nyingi za upande wetu milima huingia majini ghafla, hivyo maji mafupi yanayozaa samaki wengi ni ukanda mwembamba tu. Upepo wa mwera ukivuma, mtumbwi hautoki. Mvuvi hukesha juu ya maji akiwa na taa, akitafuta dagaa tunaowaita usipa. Asubuhi mkewe huwaanika mchangani, na mvua ikinyesha siku hiyo, kazi ya usiku mzima huoza. Shambani hupanda muhogo, kwa kuwa muhogo huvumilia udongo wa kichanga. Na penye mabonde, kama Lituhi na Lundo, hupanda mpunga. Anayemwita mtu huyo mvivu, na akeshe naye mtumbwini usiku mmoja tu.

Zamani pande hizi mbili zilikamilishana. Wazee husimulia jinsi dagaa wakavu walivyopandishwa mlimani vichwani mwa watu, na jinsi maharage na mahindi yalivyoteremshwa ufukoni. Mlima ulikuwa na kilichopungua ziwani, na ziwa lilikuwa na kilichopungua mlimani. Biashara hiyo ilikuwa ndogo na yenye jasho jingi, lakini iliwapa wote ugali pamoja na kitoweo.

2. WALICHOFANYA WANADAMU

Katika miaka ya 1920 kahawa ilianza kupandwa Umatengo. Mwaka 1936 kiliundwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kwanza kwa ajili ya tumbaku. Baadaye kahawa nayo ikawa na ushirika wake, na Mbinga ikajengewa kiwanda cha kukoboa kahawa. Hatuilaumu kahawa. Imejenga nyumba, imelipa ada za shule, na imechangia makanisa tunamosali. Twauliza jambo moja tu: ofisi, mikopo, barabara na mabwana shamba walifuata nini? Walifuata zao linaloondoka. Mkoloni alitaka kahawa na tumbaku, akawapeleka wataalamu penye kahawa na tumbaku. Muhogo na dagaa havikupakiwa melini kwenda Ulaya, basi vikaambiwa visubiri.

Tazameni mwaka huo wa 1936. Mwaka uleule wataalamu waliokuwa Amani, katika milima ya Usambara, walieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa muhogo unaoitwa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huo ni mdanganyifu: mkulima huona shina limesimama na majani yako mazima, lakini akichimba hukuta kiazi kimeoza. Mwambao wa Ziwa Nyasa ni mojawapo ya mahali ulipokita mizizi. Kwa hiyo katika mwaka mmoja tumbaku ilipata chama chake, na muhogo ukapata jina la ugonjwa wake. Tangu hapo miaka mingi imepita, na mkulima wa ufukoni angali anachimba viazi vilivyooza.

Wako watakaosema kwamba muhogo ni zao gumu lisilo na dawa. Si kweli. Katika miaka ya 1970 na 1980 wadudu weupe wanaonyausha vichomozo vya muhogo walienea Afrika na kutisha mamilioni ya watu kwa njaa. Wataalamu walikwenda hadi Amerika ya Kusini, walikotoka wadudu hao, wakamleta nyigu mdogo anayewaua, wakamwachia huru katika nchi nyingi za Afrika. Aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Basi dawa hupatikana pale wenye uwezo wanapoamua kuitafuta.

Baada ya Uhuru njia ya zamani iliendelea kwa jina jingine. Katika miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima na kutoa mbolea kwa ruzuku. Ruvuma, Rukwa, Mbeya na Iringa zikawa ghala la taifa. Nia ilikuwa njema, yaani mkulima wa mbali asipunjwe kwa sababu ya umbali wake. Hata hivyo mpango ule uliangalia zaidi mahindi ya kulisha miji kuliko sahani ya mtoto wa kijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ile iliondolewa hatua kwa hatua, biashara ya kahawa ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, ushirika ukayumba, na mkulima wa milimani akaachwa peke yake mbele ya mnunuzi. Hati za pembejeo zilipoletwa mwaka 2008, zilikuwa za mahindi na mpunga. Mwaka 2017 Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ilishuka, na mkulima wa kusini ndiye aliyeubeba mzigo huo. Kwa hiyo hata huyo wa milimani anayeonekana kupendelewa, alipendelewa kama ng'ombe wa maziwa: alilishwa ili akamuliwe.

Barabara nazo zasimulia habari ileile. Lami ilifika Mbinga katika miaka ya 2010. Kutoka Mbinga kushuka hadi Mbamba Bay ni kilomita zisizofika 70, lakini kipande hicho kilisubiri hadi miaka ya 2020. Miaka yote hiyo, masika yalipoingia, gari lilikwama mlimani na dagaa wakaharibika. Halafu wale waliokuwa wamekaa upande wenye barabara waliwacheka wa upande wa pili kwa umaskini wao.

3. WATOTO WANATUSHITAKI

Katika miaka ya mwanzo ya 2020 mkoa wa Ruvuma ulitajwa mara kadhaa kuwa wa kwanza nchini kwa uzalishaji wa chakula. Tulishangilia. Lakini utafiti wa taifa wa afya ya mama na mtoto wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba katika mkoa huu watoto 44 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 34. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta nafuu: Ruvuma 36, na nchi nzima 30. Mwaka huohuo Iringa ilikuwa na 57, na Njombe na Rukwa 50 kila mmoja. Someni tena majina hayo. Ni ile mikoa iliyofanywa ghala la taifa.

Udumavu hauletwi na tumbo tupu peke yake. Huletwa pia na maradhi, maji machafu, na mama aliyelemewa na kazi hata akakosa muda wa kumlisha mtoto mara nne au tano kwa siku. Lakini chakula kina sehemu yake kubwa. Mtoto wa milimani hushiba ugali wa mahindi, na maharage yanapouzwa yote, hubaki na ugali na mchicha. Mtoto wa ufukoni hushiba ugali wa muhogo, ambao una nguvu lakini hauna cha kujenga mwili, na siku za mwera hata dagaa huwa hawapo. Dagaa mkavu anayeliwa mzima na mifupa yake angemfaa sana yule wa kwanza. Debe la maharage lingemfaa sana yule wa pili. Kati yao ni mwendo wa gari wa saa chache. Badala yake malori hupita: ya mahindi kwenda kaskazini, ya dagaa kwenda Songea na mbali zaidi. Tumepima maendeleo yetu kwa tani zinazoondoka, hatukupima kwa kinachobaki chunguni.

4. WAJANE WA YERUSALEMU

Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume twasoma habari ya ugomvi wa kwanza katika Kanisa, nao ulikuwa ugomvi wa chakula. Wakristo wenye lugha ya Kigiriki walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, ilhali wajane wa Waebrania wanapata. Mitume hawakusema kwamba wajane wa Kigiriki ni wavivu. Hawakusema wasubiri hadi uchumi ukue. Hawakusema wavumilie, kwani mbinguni kuna chakula. Walikiri kwamba mgawo una kasoro, wakaitisha mkutano, wakachagua watu saba wenye sifa njema, nao majina yao ni ya Kigiriki, yaani wengi wao yaelekea walitoka upande uliosahauliwa.

Hilo ndilo fundisho letu. Panapokuwa na tofauti katika chakula, Mkristo kwanza huuchunguza mgawo, wala haanzi kwa kuchunguza tabia za wenye njaa. Papa Paulo VI alifundisha mwaka 1967, katika waraka wake juu ya maendeleo ya watu, kwamba maendeleo ya kweli hayaishii katika kukua kwa uchumi, bali hayana budi kumfikia kila mtu na kumfaa mtu mzima, mwili na roho. Ndiye pia aliyeanzisha Tume ya Kipapa ya Haki na Amani mwaka huohuo. Nasi kila siku katika sala ya Bwana twaomba mkate wetu. Hatuombi mkate wangu.

5. MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wengine watasema: "Barabara imeshafika, kazi imekwisha." Barabara ni neema, na tunaishukuru. Lakini barabara haina moyo. Hupitisha kila kinachowekwa juu yake. Kama hakuna soko la kila wiki mahali ambapo mama wa Mbinga na mama wa Nyasa wanakutana, barabara itawasaidia zaidi wenye malori. Itamwondoa dagaa upesi zaidi kuliko zamani, na wala haitamfikisha kwenye chungu cha jirani.

Wengine watasema: "Mwacheni mvuvi auze penye bei nzuri." Naam, na auze. Hatumwombi mvuvi maskini awalishe wengine kwa hasara. Twaomba apewe vichanja vya kuanikia na mahali pa kuhifadhi, ili asilazimike kuuza kwa bei ya kutupa asubuhi ileile kwa mwenye gari anayejua kwamba mvua inakuja. Mtu asiye na uwezo wa kungoja hana biashara huria, ana shuruti.

Wengine watasema: "Tangu mwaka 2012 Nyasa ni wilaya yake, na wajitegemee." Ni vema uongozi uwe karibu na watu. Lakini mpaka huo ulipochorwa, biashara iliyokuwa ndani ya wilaya moja ikawa ya kuvuka kutoka halmashauri hadi halmashauri, na penye mpaka husimama kizuizi. Waamini wafahamu jambo hili: mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao ya chakula hadi asilimia 2, na ikaondoa ushuru kwa mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mama mwenye magunia mawili ya maharage asidaiwe ushuru wa mazao kizuizini. Akidaiwa, aombe stakabadhi kwa adabu, na viongozi wa kigango waulize kwa maandishi ni kwa sheria gani.

6. NASI TUJICHUNGUZE

Kanisa nalo lina deni. Tulipokea matoleo ya kahawa kwa vigelegele, na makopa ya muhogo tukayapokea kwa kutazamana. Katika sherehe zetu tumefundisha kwa matendo kwamba chakula cha heshima ni wali na soda, na kwamba muhogo ni chakula cha aibu. Mara ngapi parokia ya milimani na parokia ya ziwani zimekaa pamoja kuzungumza juu ya chakula? Hukutana katika hija na katika mashindano ya kwaya, kisha kila mmoja hurudi na usemi wake uleule juu ya mwenzake.

Wala tusiseme kwamba watu wadogo hawawezi kupanga chakula chao. Mkoa huu una ushahidi. Katika miaka ya 1960 wanakijiji walioanzia Litowa, wilaya ya Songea, waliunda Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, wakalima pamoja, wakajiamulia mambo yao wenyewe na kuwalea watoto wao kwa pamoja. Chama hicho kilivunjwa kwa amri ya wakubwa mwaka 1969. Kilivunjwa kingali hai. Hakikufa kwa uvivu wa wanakijiji.

7. TUTENDE

Twapendekeza mambo matano yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, usemi wa uvivu na usemi wa uchoyo ukome katika jumuiya zetu. Anayeusema aonywe kidugu, kama anavyoonywa msengenyaji.

Pili, Halmashauri za Walei za parokia za milimani na za ziwani zikutane, pamoja na ndugu zetu Waanglikana ambao wana mizizi mirefu kule Liuli, ziombe halmashauri zote mbili kupanga siku ya soko la pamoja.

Tatu, WAWATA na vikundi vya akina mama vinunue dagaa na maharage kwa pamoja, ili nyumba ndogo nazo zipate kwa bei ya jumla. Kila nyumba ibakize maharage ya kula kabla ya kuuza, na baba wa nyumba asiyaguse.

Nne, viongozi wetu waulize katika mikutano ya vijiji: ni lini mbegu safi za muhogo zitafika mwambao, na bwana shamba wa muhogo ni nani? Wadai kwa upole na bila kuchoka.

Tano, mashamba ya parokia yatoe mfano: yapande miche safi ya muhogo, yaianike dagaa kwa vichanja penye ufuko, na yagawe mbegu kwa jirani bila kuuliza dhehebu.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Wiki iliyopita watoto wa jumuiya yetu walikula kitoweo gani, na kwa siku ngapi?
2. Katika mavuno ya mwaka uliopita, ni nani aliyeamua kiasi cha kuuza na kiasi cha kubakiza? Je, mama aliulizwa?
3. Wajane wa Kigiriki katika parokia yetu ni akina nani? Ni nani tunayemsahau katika mgawo?
4. Ni jambo gani moja tutakalolitenda kabla ya mwezi huu kwisha, na ni nani atakayelisimamia?

Mungu aliumba mlima na ziwa, akaona ni vyema. Ukuta wa kati tuliujenga sisi, na kwa neema yake ni sisi wenyewe tutakaoubomoa.